Kuhamisha Mikanda ya Harusi hadi DVD: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kiachwe

Kuanzia Lamu hadi Mtwara, na kote bara, kuna mikanda ya video imelala makabatini. Harusi za miaka ya tisini, maulidi, ubarikio, mahafali, safari ya kwanza ya baba kurudi kutoka Uarabuni. Mkanda hausubiri. Funai ya Japani, kiwanda kikubwa cha mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Mwezi Februari 2025 Sony nayo ilisimamisha kutengeneza kaseti za MiniDV, zile ndogo za kamera za kidijiti. Deki zilizopo mitaani ndizo hizohizo, na kila mwaka zinapungua.

Anayetaka kuhamisha mikanda hii hadi DVD hukutana na vifaa na programu nyingi, na wauzaji wengi humwanzishia upande usio sahihi: programu ya kulipia, menyu zenye maua yanayozunguka, kompyuta mpya. Msimamo wangu ni kwamba fedha zako ziende kwenye deki na kwenye kifaa cha kunasa picha. Picha ikishaingia kwenye kompyuta ikiwa imeharibika, hakuna programu itakayoirudisha. Ikiingia vizuri, programu za bure zinatosha kabisa.

DVD au flashi?

Swali hili lijibiwe kabla ya kununua chochote. DVD ya nyumbani hubeba picha ya ukubwa wa 720 kwa 576 katika PAL, mfumo wa picha za runinga unaotumika huku kwetu. Kwa mkanda wa VHS huo ni ukubwa wa kutosha na ziada, kwani VHS yenyewe haifiki hapo. Kwa MiniDV ukubwa ni uleule, ila DVD huibana picha zaidi. Kwa video ya simu ya leo, yenye 1920 kwa 1080, kuiweka kwenye DVD ni kuipunguza vibaya mno. Video za simu ziweke kwenye flashi zikiwa MP4, zichezwe kwenye runinga moja kwa moja.

Hata hivyo DVD ina nafasi yake. Bibi aliyezoea rimoti ya deki anaingiza diski, menyu inajitokeza, anabonyeza, harusi inaanza. Diski haifutiki kwa bahati mbaya, na mjukuu hawezi kuichukua ili aweke muziki. Ikiwa walengwa wako ni wazee wenye deki ya DVD sebuleni, DVD inashinda. Ikiwa ni vijana wenye laptopu zisizo na mlango wa diski, usijichoshe, wapelekee faili.

Deki ndiyo moyo wa kazi

Kati ya deki ya VHS ya kawaida na deki ya S-VHS, yaani VHS iliyoboreshwa, yenye tundu la S-Video, chagua ya pili ukiipata kwa bei ya kawaida. Waya wa S-Video hutenganisha mwanga na rangi, wakati waya wa njano huvichanganya pamoja kwenye njia moja. Tofauti huonekana kwenye kingo za vitu vyenye rangi kali, na harusi zetu zimejaa rangi kali: kanga, maua, taa za ukumbini. Lakini deki ya kawaida iliyo nzima ni bora kuliko S-VHS iliyochoka. Ukienda kununua deki iliyotumika, beba mkanda wako usio na thamani, uucheze dakika kumi, uurudishe nyuma, uupeleke mbele. Sikiliza kama inakwaruza. Tazama sehemu ya chini ya picha: mistari inayotetemeka hapo ina maana hedi, yaani vichwa vinavyosoma mkanda, zimechakaa au njia ya mkanda imepinda.

Wanaoishi pwani wana tatizo la ziada, nalo ni ukungu. Hewa yenye unyevu na kabati lisilofunguliwa huotesha unga mweupe pembeni mwa mkanda uliosokotwa. Mkanda wa namna hiyo usiuingize kwenye deki nzuri kamwe, maana utaambukiza hedi na kupitia hedi utaambukiza mikanda mingine yote. Uanike mahali pakavu penye kivuli, usafishwe kwanza, na kama una deki mbili, ile mbovu zaidi ndiyo iwe ya mikanda yenye ukungu. Hedi zinasafishwa kwa alkoholi ya isopropili na kipande cha ngozi laini, mkono ukienda upande ambao hedi inazunguka. Pamba ya masikio huacha nyuzi zinazonasa kwenye hedi, na hedi hizo ni nyembamba sana.

Mikanda iliyotoka kwa ndugu walioko Marekani au Kanada ni ya NTSC, mfumo wa picha za runinga wa huko. Deki ya PAL tupu itaonyesha picha inayoruka au isiyo na rangi. Hapo inahitajika deki ya mifumo mingi, na kwa mikanda miwili mitatu ni afadhali kuiazima kuliko kuinunua. Mikanda kutoka Muscat au Dubai haina shida hii, kwani huko nako ni PAL.

Njia tatu za kunasa picha

Njia ya kwanza ni deki ya kurekodi DVD. Unaiunganisha na deki ya VHS kwa waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, au unanunua ile yenye VHS na DVD katika sanduku moja. Unabonyeza, inanasa, mkanda ukiisha na diski iko tayari. Haihitaji kompyuta wala programu. Umeme ukiwa wa kukatika-katika, ina hatari: umeme ukienda kabla diski haijafungwa, mara nyingi diski hiyo imekwisha. Pia, diski isiyofungwa kwa amri ya mwisho iliyomo kwenye menyu ya deki haitacheza kwenye deki nyingine. Watu wengi hupeleka diski za namna hiyo kwa ndugu na kuambiwa hazina kitu.

Deki hizi zina viwango vya kurekodi. XP hubeba saa 1 kwenye diski, SP saa 2, LP saa 4, na EP saa 6 au zaidi. Harusi irekodiwe kwa XP au SP. LP inavumilika kwa hotuba ambapo mtu amesimama mahali pamoja. EP iache: ngoma ikianza na watu wakianza kuruka, picha hugeuka vigae. Udhaifu mkubwa wa njia hii ni uhariri. Kama mpiga video alisahau kamera ikirekodi sakafu dakika nne, sakafu hiyo utakuwa nayo maisha. Aidha, deki hizi zimewekewa kinga dhidi ya kunakili filamu za kuuzwa, na wakati mwingine hudhani mkanda wako uliochakaa ni filamu iliyolindwa, zikakataa kurekodi harusi ya mama yako mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Baadhi ya deki hizi, hasa Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15, zina uwezo wa kunyoosha mistari ya picha iliyopinda. Hata kama hurekodi nayo, unaweza kuipitisha picha ndani yake kutoka kwenye VHS kwenda kwenye kompyuta, na picha iliyokuwa ikijipinda juu ya skrini inasimama wima. Ukiona mojawapo ikiuzwa kama chuma chakavu, inunue.

Njia ya pili ni kifaa cha kunasa cha USB. Hapa tofauti ya bei ni kubwa na tofauti ya matokeo ni kubwa vilevile. Vile vidogo vya bei ya chini vinavyoitwa EasyCap vinafanana kwa nje, lakini ndani kila kimoja kina chipu yake, kwa hiyo rafiki yako anaweza kuwa nacho kinachofanya kazi na wewe ukapata kinachokataa kwenye Windows ileile. Shida yake ya kawaida ni sauti kuachana na picha: dakika ya kwanza kasisi anaongea sawasawa, dakika ya arobaini midomo inatangulia. Hii hutokea kifaa kinapodondosha picha bila kusema. Hauppauge USB-Live2 na I-O Data GV-USB2 ni bora zaidi, na vyote vina tundu la S-Video. Elgato Video Capture ndicho rahisi kutumia, programu yake inakuongoza hatua kwa hatua, ila inakuamulia mambo mengi na kuibana picha mapema, kwa hiyo kuihariri baadaye kunaiumiza. Kama una mikanda mitano na huna hamu ya kujifunza, Elgato inakufaa. Kama una mikanda hamsini, chukua mojawapo ya vile viwili.

Njia ya tatu ni ya wenye kaseti za MiniDV. Picha ndani ya kaseti hiyo tayari ni ya kidijiti, kwa hiyo hutaki kuipitisha kwenye waya wa njano ikageuzwa kuwa analojia na kurudishwa tena. Tumia waya wa FireWire, unaounganisha kamera na kompyuta moja kwa moja. Kinachohama ni nakala halisi ya kilichoandikwa kwenye kaseti, megabiti 25 kwa sekunde, kiasi cha gigabaiti 13 kwa saa. Kamera nyingi za MiniDV zina tundu la USB pia, na watu hufurahi wakiliona, lakini kwenye kamera nyingi tundu hilo ni la kuchukulia picha za mnato au kutuma video duni. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye nafasi ya kadi ya FireWire inaishinda laptopu mpya katika kazi hii. Wenye Mac wawe waangalifu: macOS Tahoe ya mwaka 2025 imeondoa FireWire kabisa, hivyo ile Mac ya zamani ndani ya boksi isisasishwe wala isiuzwe. Kwenye Windows, programu ndogo ya bure iitwayo WinDV inamaliza kazi.

Kuna wanaochukua simu na kurekodi skrini ya runinga. Picha itamemeta, rangi zitabadilika, na sauti itabeba jogoo wa jirani. Bora kusubiri mwezi upate kifaa.

Hesabu ya diski

Hapa ndipo DVD nyingi za nyumbani huharibikia, na hesabu yenyewe ni fupi. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, ambazo kompyuta huzionyesha kama 4.38 kwa sababu inahesabu kwa njia nyingine. Ukiigawa nafasi hiyo kwa saa 2, unapata kama megabiti 5 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja. Kwa saa 3 ni kama 3.5 tu. Kwa saa 1 unaweza kwenda hadi 8, na usizidi sana hapo, kwa kuwa sheria ya DVD inaruhusu 9.8 kwa picha lakini deki za bei nafuu hukwama zikikaribia kiwango hicho.

Mkanda wa E-180 ni saa 3. Una machaguo matatu. La kwanza ni kuugawa kwenye diski mbili, nikaha na sherehe ya mchana kwenye moja, usiku kwenye nyingine. Ndilo ninalolipendelea. La pili ni diski ya tabaka mbili, gigabaiti 8.5, ambayo ni ghali zaidi na deki za zamani huisomea kwa kusitasita pale tabaka linapobadilika. La tatu halijulikani sana: sheria ya DVD inaruhusu pia picha ya 352 kwa 576, nusu ya upana. VHS haina maelezo mengi kwa upana, hivyo ukiiweka kwenye ukubwa huo kwa megabiti 3.5, picha hutulia kuliko kuilazimisha 720 kwa kiwango hichohicho. Kwa MiniDV usifanye hivyo, utapoteza kitu.

Sauti nayo ina sehemu yake. Ukiacha programu itumie PCM, yaani sauti isiyobanwa, sauti peke yake inakula megabiti 1.5 kwa sekunde. AC-3, sauti iliyobanwa, kwa kilobiti 192 au 256 inatosha kabisa kwa taarabu iliyorekodiwa na maikrofoni ya kamera.

Jambo la mwisho kabla ya programu: picha ya mkanda huja kwa nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa kwa zamu, nusu 50 kwa sekunde. Kwenye kompyuta utaona kama meno ya kitana kila mtu anapotembea, na utatamani kuyaondoa. Usiyaondoe kama unatengeneza DVD. Deki na runinga vinajua kuzishughulikia nusu hizo, na ukiziunganisha mapema mwendo unapoteza ulaini wake. Angalia tu kwamba mpangilio ni sahihi: DV huanza na nusu ya chini (ya shufwa), na vifaa vingi vya USB huanza na ya juu (ya witiri). Ukikosea, kila anayecheza ataonekana kama anatetemeka kwa homa.

Programu

Kwa kukata na kupanga vipande, Shotcut na Kdenlive ni za bure na hazihitaji kompyuta kubwa. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure na ina nguvu, lakini inataka kadi nzuri ya picha na haitoi DVD, kwa hiyo kwa kazi hii ni mzigo.

Kwa kujenga DVD yenyewe, yaani menyu, vifungo na sura (vipande vya video unavyoweza kurukia), ushindani wa kweli ni kati ya DVDStyler na DVD Flick. Zote ni za bure. DVD Flick ni nyepesi: unaburuta faili, unachagua PAL, inageuza na kuchoma. Menyu zake ni chache na ni za zamani, na inafanya kazi kwenye Windows tu. DVDStyler inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inakuruhusu kuweka picha ya maharusi kama mandharinyuma, kuandika majina kwa Kiswahili, na kupanga vifungo vya sura upendavyo. Mwonekano wake unatisha siku ya kwanza. Siku ya pili unaizoea. Mimi ningekwenda nayo moja kwa moja.

Nero ya kulipia inakupa kila kitu mahali pamoja, pamoja na vitu vingi usivyoviomba. Kama tayari unayo, itumie, ila kuinunua kwa ajili ya mikanda ya nyumbani sioni sababu. Windows DVD Maker ilikuja na baadhi ya matoleo ya Windows Vista na 7, kisha ikaondolewa kwenye Windows 8, na iDVD ya Apple iliachwa mwaka 2011. Wenye kompyuta za zama hizo bado wanaweza kuzitumia vizuri, na iDVD hasa ilikuwa na menyu za kupendeza. Adobe Encore, programu ya kulipia ya kujenga DVD, iliishia toleo la CS6. HandBrake inatajwa kila mahali, lakini kazi yake ni kinyume: inatoa MP4, haitengenezi DVD.

Kwa kuchoma, ImgBurn. Haijapata toleo jipya tangu 2013 na bado hakuna ninayoiamini zaidi. Soma kila ukurasa wakati wa kuisakinisha, kwa sababu baadhi ya vifurushi vyake vimeambatana na programu usizozitaka. Kwenye Linux, K3b au Brasero.

Draivu na diski

Draivu nyembamba ya nje inayotumia USB inafaa kwa laptopu, mradi ipate umeme wa kutosha, na kebo yake ndefu ya kuongezea ndiyo adui wa kwanza. Draivu kubwa ya ndani ya kompyuta ya mezani huchoma kwa utulivu zaidi. Kompyuta za mezani zilizotumika, zile zilizotoka maofisini, zinauzwa Kariakoo na Luthuli Avenue zikiwa na draivu ndani, na ukiongeza kadi ya FireWire na diski kuu ya terabaiti moja, umepata karakana kamili kwa bei ya chini kuliko laptopu.

Kati ya DVD-R na DVD+R, kwa deki za zamani chagua DVD-R. Deki mpya zaidi hazijali. DVD-RW, ile inayoweza kufutwa na kuandikwa tena, itumie kwa majaribio, usimpelekee mtu zawadi. Diski zenye jina la Verbatim ni chaguo zuri, lakini bandia zipo, na sanduku halithibitishi chochote. Ingiza moja kwenye ImgBurn usome msimbo wake upande wa kulia: Verbatim ya DVD-R ya kasi 16 iliyo nzuri husoma MCC 03RG20. Choma kwa kasi ya 8 hata kama diski imeandikwa 16, na uwashe ukaguzi wa baada ya kuchoma. Usibandike lebo ya karatasi, hupinda kwa joto na kuyumbisha diski inapozunguka. Andika kwa kalamu isiyo na kemikali kali.

Kwa ndugu walioko Toronto au Minneapolis, kumbuka kwamba deki nyingi za huko ni za NTSC na nyingi hazisomi PAL. DVD ya nyumbani haina kizuizi cha eneo, kwa hiyo tatizo ni mfumo tu. Kubadilisha PAL kuwa NTSC ukiwa nyumbani huacha mwendo wa kukwama-kwama. Mtumie MP4, au mwambie acheze diski kwenye kompyuta yake kwa VLC, ambayo haibagui mfumo.

Kabla hujachoma nakala kumi za shangazi na wajomba, cheza ile ya kwanza kwenye deki kuukuu kuliko zote ukoo mzima, uruke hadi sura ya mwisho, kwani ukingo wa nje wa diski ndiko makosa hujitokeza kwanza. Na lile faili kubwa ulilolinasa kutoka kwenye mkanda lisifutwe. Liweke kwenye diski kuu mbili, moja kwako, nyingine kwa ndugu wa nyumba nyingine.